Taarifa kwa Walioko Nyumbani Kuhusu Mwalimu wa Kujitolea Nchini Thailand

Kujitolea, kwa maana inayotumika katika taarifa hii, ni kufanya kazi katika nchi ya watu kwa muda maalumu bila mshahara, huku shule au shirika lililomwalika mhusika likigharimia malazi, bima na posho inayotosha chakula na mafuta ya pikipiki. Fasili hii imebidi itangulie kwa sababu miongoni mwa jamaa walioko nyumbani, hususan wajomba na wajumbe wa kamati za harusi, imeenea fasili nyingine, isemayo kwamba mtu akishapanda ndege kwa kazi yoyote ile mshahara upo, ila anauficha. Fasili hiyo ya pili haikosi mantiki, kwa kuwa watu wa Afrika Mashariki walioondoka kwenda Muscat, Dubai, London au Minneapolis waliondoka kutafuta, na hakuna mzazi anayekumbukwa kuwa aliuza ng'ombe ili mwanawe akagawe maarifa bure kwa watu wenye lami nzuri kuliko ya kwao. Ndiyo maana kadi ya mchango inapoingia katika simu ya mwalimu wa kujitolea, naye akaijibu kwa maelezo ya kina kuhusu tofauti kati ya posho na mshahara, maelezo hayo hupokewa nyumbani kama ubahili uliosoma.

Mahali panapozungumziwa ni Isan, yaani ukanda wa kaskazini-mashariki wa Thailand wenye mikoa 20, unaopakana na Laos kwenye Mto Mekong na Kambodia upande wa kusini. Si Bangkok, na wala si fukwe zinazoonekana kwenye kalenda za mashirika ya ndege. Bahari iko mbali, mashamba ya mpunga yapo kila upande, na mji mdogo wa huko una barabara kuu moja, hekalu moja au zaidi, soko la asubuhi, ofisi ya wilaya na shule. Usafiri wa kwenda vijijini ni songthaew, gari la pikapu lililofungwa mabenchi mawili yanayotazamana, ambalo abiria yeyote aliyewahi kupanda gari la shamba kutoka Darajani, Unguja, atalipanda bila kuhitaji maelekezo, ikiwa ni pamoja na kanuni isiyoandikwa kwamba gari halijajaa maadamu utingo hajasema limejaa. Katika mji wa namna hii mgeni akinunua ndizi saa moja asubuhi, mkuu wa shule huwa ameshapata habari za bei yake kabla ya kengele ya kwanza.

Ualimu wa Kiingereza katika nchi hiyo, ambayo hadi mwaka 1939 ilijulikana kwa jina la Siam, una historia yenye vituko vyake. Kwa kuwa Thailand haikutawaliwa na Wazungu, Kiingereza hakikuingia kwa amri ya gavana wala kwa skuli ya misheni yenye mlango mmoja wa ibada na mwingine wa ajira, bali kiliingia kwa mwaliko wa wenyewe. Mfalme Mongkut, aliyekuwa amejifunza lugha hiyo kwa wamisionari wa Kimarekani, alimwajiri Anna Leonowens mwaka 1862 ili awafundishe wake zake na watoto wake, na mama huyo alifanya kazi hiyo hadi 1867. Kitabu alichokichapisha mwaka 1870 hatimaye kilizaa mchezo wa nyimbo na filamu ya 1956, The King and I, iliyopigwa marufuku nchini Thailand. Lakini linalohusu zaidi taarifa hii ni kwamba Leonowens alijitambulisha maisha yake yote kuwa mzaliwa wa Wales, ilhali watafiti wa baadaye walibaini kuwa alizaliwa Ahmednagar, India, mwaka 1831. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Kiingereza mashuhuri kuliko wote katika historia ya nchi hiyo aliona ni salama zaidi kubuni mahali pa kuzaliwa, na kwamba imani ya kuwa Kiingereza halali hutoka katika aina fulani ya pasipoti si uvumbuzi wa mawakala wa ajira wa siku hizi.

Wanaojitolea walikuja karne moja baadaye. Peace Corps, yaani kikosi cha Wamarekani wa kujitolea kilichoundwa na Rais John F. Kennedy mwaka 1961, kilipeleka watu Tanganyika mwaka huohuo na Thailand mwaka uliofuata, na shirika la Kiingereza la VSO, lililoanza mwaka 1958, lilikuwa limekwisha kuanza kupeleka vijana wake katika nchi mbalimbali. Kwa miongo mingi mwelekeo ulikuwa mmoja, kutoka kaskazini kuja huku, na wapo wazee wa Afrika Mashariki wanaoweza hadi leo kuigiza lafudhi ya Mmarekani aliyewafundisha sayansi akiwa amevaa ndala. Mwelekeo huo ulianza kupinda pale VSO ilipofungua tawi jijini Nairobi, likaitwa VSO Jitolee, ambalo kazi yake ilikuwa kuwapeleka watu wa Afrika Mashariki kujitolea katika nchi nyingine. Leo Wakenya, Waganda na wenzao wa kutoka sehemu nyingine za Afrika wanafundisha Kiingereza katika shule za Thailand, wengi kwa mshahara na wachache kwa kujitolea, na ni hawa wachache ambao wajomba wanashindwa kuwaelewa.

Kabla ya kufika darasani sharti mtu apite kwenye makaratasi, na hapo ndipo hujifunza kwamba kutoa msaada bure ni jambo linalohitaji vibali vingi kuliko kuuza. Kwa taratibu za uhamiaji za Thailand, viza ya utalii haimruhusu mgeni kufundisha, awe analipwa au halipwi. Anayejitolea anahitaji viza ya aina nyingine na kibali cha kazi, hata kama kazi yenyewe haimwingizii senti. Akikaa zaidi ya siku 90 mfululizo hujaza fomu iitwayo TM47 ili kuiarifu idara ya uhamiaji kwamba bado anaishi palepale alipokuwa akiishi siku 90 zilizopita, na zoezi hilo hurudiwa kila siku 90 nyingine zikitimia, kwa utaratibu unaomfanya mtu aliyelelewa na bibi mkali ajisikie nyumbani kabisa. Yapo pia mashirika yanayomtoza mtu ada ili yamtafutie mahali pa kujitolea, yaani mtu hulipia haki ya kutolipwa, na jambo hili halijawahi kuelezwa kwa mafanikio kwa mjomba yeyote.

Kikwazo kinachochekesha zaidi, ingawa si kwa anayekikabili, ni kile cha wenye lugha. Neno hilo, kwa matumizi ya waajiri wa huko, humaanisha watu wanaotoka katika orodha fupi ya nchi kama Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, ambao hawadaiwi ushahidi wowote wa kukijua Kiingereza, hata wawe wanakiandika kwa namna ambayo mwalimu wa darasa la sita kule Machakos angekizungushia wino mwekundu. Wengine wote hudaiwa matokeo ya mtihani kama TOEIC, ambao hupima Kiingereza cha ofisini na cha biashara. Hivyo hutokea kwamba mtu aliyefanya masomo yake yote ya sekondari na chuo kikuu kwa Kiingereza, akahojiwa kwa Kiingereza, akanyimwa kazi kwa Kiingereza, hulazimika kukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kusikiliza kanda ya mtu anayeahirisha mkutano, ili ithibitike kwamba anakielewa.

Shule huanza katikati ya Mei na kufungwa mwezi Machi, na siku ya shule huanza kwa bendera saa mbili kamili asubuhi, wakati ambapo wimbo wa taifa hupigwa nchi nzima, kama unavyopigwa tena saa kumi na mbili jioni, na watu walioko sokoni au stesheni husimama wima kwa kitambo hicho. Kwa mwalimu aliyekulia kwenda mstarini, hili halina ugeni: wanafunzi wamepangwa kwa urefu, mwalimu wa zamu ana kipaza sauti kinachopiga miluzi, na matangazo ni marefu kuliko wimbo. Ugeni upo kwenye tarehe. Thailand huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, iliyo mbele kwa miaka 543, hivyo mwaka 2025 huandikwa 2568, na mwalimu aliyezaliwa 1995 husajiliwa kuwa mzaliwa wa 2538, jambo ambalo likionekana kwenye nakala ya kitambulisho iliyotumwa nyumbani huibua maswali kuhusu ni dawa gani anazotumia. Ugeni mwingine upo kwenye mavazi, kwa kuwa kila siku ya juma ina rangi yake kwa mapokeo, Jumatatu njano, Jumanne waridi, na kuendelea hadi Jumapili nyekundu. Shule nyingi huchagua baadhi ya siku hizo kuzifuata, na siku nyingine walimu huvaa sare ya kaki ya watumishi wa serikali au vazi la kitambaa cha kienyeji. Mgeni hufahamishwa utaratibu huo kwa njia moja tu, nayo ni kufika amevaa bluu siku ambayo wenzake wote wamevaa njano, kisha kuitwa katikati kwa ajili ya picha.

Katika wiki za mwanzo wa mwaka wa shule hufanyika Wai Khru, sherehe ya kuwaheshimu walimu, ambayo kwa desturi huangukia Alhamisi. Wanafunzi husogea kwa magoti hadi walipoketi walimu, wakiwa wamebeba sinia za maua zilizopangwa kwa maana maalumu: nyasi zitambaazo za aina ya ukoka kwa ajili ya uvumilivu, bisi za mpunga kwa ajili ya nidhamu, ua la mbilingani linaloinama likikaribia kuzaa kwa ajili ya unyenyekevu, na maua mekundu ya ixora, yenye machipukizi ya ncha kali, kwa ajili ya akili. Mwalimu wa kujitolea, ambaye wakati huo huwa hajafundisha hata vipindi vya kutosha kujua milango ya madarasa, hupigiwa magoti na mamia ya watoto asiowajua, na hubaki na sinia mapajani akitafakari ualimu wa kwao, ambako mwalimu hukumbukwa zaidi siku ya kukusanya karatasi za kura. Ikumbukwe pia kwamba viboko vilipigwa marufuku katika shule za Thailand mwaka 2005, miaka minne baada ya Kenya, na kwamba Tanzania bado inaviruhusu kwa kanuni. Kwa hiyo mwalimu anayetoka baadhi ya wilaya zetu hufika Isan akiwa mikono mitupu kwa maana zaidi ya moja.

Daftari la mahudhurio linastahili maelezo yake. Mthai ana jina rasmi, mara nyingi refu na lenye asili ya Kipali au Kisanskriti, na ana jina la mkato alilopewa nyumbani, ambalo ndilo linalotumiwa na kila mtu pamoja na walimu. Jina hilo laweza kuwa la mnyama, tunda au sifa ya mtoto alipozaliwa, lakini wazazi wa kizazi hiki wamependa sana maneno ya Kiingereza, na matokeo yake darasa moja huweza kuwa na Bank, Golf, Ice, Boss na Beer, wote wakiwa watoto wenye heshima. Mwalimu aliyelelewa katika nyumba ya walokole hupitia mafunzo ya kiroho yasiyotarajiwa anapolazimika kuuliza kwa sauti kila asubuhi kama Beer amefika, na kuelezwa na darasa zima kwamba Beer yuko nje, amelala chini ya mti.

Darasa lenyewe lina wanafunzi 40 au zaidi, na kipindi huanza kwa kiitikio ambacho mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi ya Singida au Siaya atakitambua kabla ya kukisikia chote. Kiranja huamuru darasa lisimame. Darasa husimama na kumsalimu mwalimu kwa sauti moja ya kuvuta. Mwalimu huuliza hali. Darasa hujibu kuwa ni njema, linashukuru, na je yeye. Mahadhi ni yaleyale, pumzi huchukuliwa palepale, na maana yake imekwisha kusahaulika vilevile, kiasi kwamba mtoto mwenye homa ya kutetemeka hujibu kuwa ni mzima. Ni vigumu kujua nani alimfundisha nani wimbo huu, lakini kwa kuwa vijana walewale wa kujitolea walipelekwa Tanganyika na Thailand kwa kupishana mwaka mmoja tu, kuna msingi wa kuwashuku.

Baada ya kiitikio hufuata ukimya, na ukimya huo una jina. Kreng jai ni ile hali ya kujizuia ili usimsumbue, usimwaibishe wala usimpe mzigo mwenzako, hasa mkubwa wako, na ni tabia inayosifiwa mno. Mwanafunzi mwenye kreng jai hawezi kusema kwamba hajaelewa, kwa kuwa kusema hivyo ni kudokeza kwamba mwalimu hakufundisha vizuri. Mwalimu huuliza kama wameelewa, darasa zima hukubali kwa tabasamu, na mtihani wa wiki inayofuata huonyesha kwamba walichoelewa ni tabasamu. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao haya na staha kwao ni sehemu ya malezi, huielewa hali hii haraka kuliko Mwingereza, ambaye huchukulia kukubali kwa maana ya kukubali. Dawa yake ni sanuk, raha ya kufanya jambo pamoja, ambayo kwa mawazo ya huko ndicho kipimo cha kama jambo lina maana ya kufanywa. Somo lisilo na sanuk limekufa, na kwa sababu hiyo mwalimu mwenye shahada ya isimu hujikuta akiruka kichura mbele ya darasa ili kueleza kitenzi.

Hapa ndipo inapofaa kusemwa wazi kwamba mwalimu wa Afrika Mashariki, ambaye orodha ya wenye lugha humtilia shaka, ana kitu ambacho orodha hiyo haina namna ya kukipima. Mtoto wa Isan huzungumza nyumbani Kiisan, lugha iliyo ndugu na Kilao, au Kikhmer katika baadhi ya wilaya za kusini. Shuleni hufundishwa kwa Kithai cha kati. Kisha huletewa Kiingereza kama lugha ya tatu, na huambiwa kuwa hiyo ndiyo yenye maisha. Mwingereza huliona hilo kuwa ajabu. Mtanzania aliyetoka Kigoma na Kiha chake, akasomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta bayolojia imegeuka Kiingereza usiku mmoja, au Mkenya ambaye shuleni kwao aliyezungumza lugha ya nyumbani alivishwa kibao kilichoitwa diski hadi ampate mwenzake wa kumrithisha, halioni kuwa ajabu hata kidogo, na anakijua kwa mwili wake kile kitambo ambacho mtoto analo jibu lakini hana lugha ya kulitolea. Anajua pia kwamba sarufi ya Kiingereza inaweza kuelezeka, kwa sababu yeye mwenyewe alielezwa, ilhali mwenye lugha akiulizwa kwa nini inasemwa hivi na si vile, hujibu kuwa ndivyo inavyosikika vizuri.

Upande wa matamshi mambo huwa magumu kwa namna ya kufurahisha. Kithai hakiruhusu konsonanti nyingi kukaa mwisho wa neno. R na l zikifika hapo hugeuka n, s hugeuka t, na nyingine hukatwa zikiwa bado mdomoni. Kiswahili nacho hupenda neno liishie kwa irabu, hivyo mzungumzaji wake anapopewa neno lililokatika ghafla huliongezea mkia. Matokeo yake, gari lile kubwa la abiria ambalo Mwingereza huliita kwa silabi moja, Mswahili huliita basi na Mthai huliita bat. Mchezo wa kandanda huku ni futiboli na kule ni futbon. Na darasani mwalimu anayeongeza na wanafunzi wanaopunguza hukutana mahali fulani katikati, ambapo kwa bahati ndipo neno la Kiingereza lilipokuwa tangu mwanzo. Ama kuhusu r na l, ambazo katika Kithai cha mazungumzo huchanganywa bila aibu, imeonekana kuwa mwalimu wa kutoka Nyeri ndiye anayefaa zaidi kulifundisha somo hilo, kwa kuwa ameshataniwa kwa jambo hilo na Wakenya wenzake, wanaoliita kushrabu, maisha yake yote, na hawezi kumcheka mtoto.

Pamoja na hayo, ingekuwa kuwadanganya walioko nyumbani kuficha kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu wa kujitolea ni kuonekana. Hupigwa picha kwa ajili ya bango la lango kuu, huketishwa safu ya mbele katika mashindano ya ngonjera na uzinduzi wa matangi ya maji, na hukabidhiwa kipaza sauti bila onyo ili aseme machache. Wenyeji humwita Mzungu farang, na kwa kuwa huyu si Mzungu lakini anafundisha lugha ya Wazungu, watoto wa madarasa ya chini hujadili kwa uwazi yumo katika kundi gani, huku mmoja wao akimpapasa nywele ili kuchangia ushahidi. Madukani, krimu za kung'arisha ngozi zimejaa rafu, hali ambayo mtu anayeufahamu mkorogo wa Kariakoo hana ubavu wa kuistaajabia, na mama wa duka humpa mwalimu ushauri wa bure kuhusu krimu ipi ingemfaa, kwa upendo ambao ni vigumu kuukasirikia na ni vigumu vilevile kuupokea. Timu ya mpira ya walimu humsajili kabla haijamwona akikimbia. Tena, kwa kuwa inaaminika kwamba Afrika yote ni jua, hakuna anayemwonea huruma mwezi Aprili, wakati joto la Isan hupita nyuzi 40; mtu wa Njombe au Limuru, aliyezoea kuamka kwa sweta, huambiwa kwamba bila shaka anajisikia kama yuko kwao.

Chakula ndicho kilichowapa jamaa wasiwasi mkubwa zaidi, na ndicho kisichostahili wasiwasi wowote. Wali wa Isan ni wa kunata. Hupikwa kwa mvuke, huwekwa katika vikapu vidogo vyenye vifuniko, humegwa kwa mkono, hufinyangwa tonge na kuchovewa mchuzini, na mwalimu aliyekulia ugali huufanya utaratibu wote huo kwa ufundi unaowafanya wenyeji waitane waje watazame. Kachumbari ya papai bichi, inayoitwa som tam, hutwangwa kwenye kinu na mchi pamoja na pilipili, ndimu na karanga, na pilipili zake haziogopi mtu. Nyenje wa kukaanga huuzwa kwa kipimo sokoni, na baadhi ya familia huwafuga. Mwalimu wa kutoka Bukoba, ambako msimu wa senene huathiri ratiba za harusi, amewahi kuonekana akibishana kuhusu kiwango cha chumvi, na wa kutoka Vihiga hutaka tu kujua kama kumbikumbi watakuja lini. Kitu pekee kinachohitaji moyo ni pla ra, samaki waliovundikwa kwa chumvi na pumba za mchele kwa miezi kadhaa, ambao harufu yao hufika mezani kabla ya sahani. Lakini watu waliolelewa karibu na soko la ng'onda hawana haki ya kupiga kelele.

Kuhusu sikukuu, taarifa itajifunga kwenye moja. Mwezi Mei, kabla ya msimu wa kupanda, mji wa Yasothon hufanya Bun Bang Fai, tamasha la maroketi ya kienyeji yanayorushwa angani ili kumkumbusha Phaya Thaen, mwenye mvua kwa imani ya huko, kwamba wakulima wanasubiri. Roketi kubwa hubeba baruti ya kilo 120, huburuzwa hadi kwenye jukwaa la mbao, huwashwa na watu wenye ujasiri, na ikipaa vizuri watengenezaji hubebwa juu juu, ilhali ikigoma hutupwa kwenye tope mbele ya hadhara. Mwalimu mgeni huhesabiwa kuwa mwanachama wa timu ya shule kuanzia pale roketi inapogoma. Wazee wa Nganyi kule Bunyore, wanaosifika kwa kutabiri mvua na ambao Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imewahi kushirikiana nao, wangefanya vyema kutuma mjumbe, si kwa sababu ya ushindani, bali ili waone namna wenzao wanavyowajibishwa.

Limebaki swali linaloulizwa na jamaa kila wiki, kwamba na wao watakujaje. Anayetaka na aanze kwa kukiri mbele ya wazazi wake kwamba hatatuma fedha, kisha aandae shahada, cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu, matokeo ya mtihani wa Kiingereza, na picha za pasipoti nyingi kuliko anavyodhani zinahitajika, zikizidishwa mara mbili. Shirika likimdai ada kubwa kabla halijamtajia jina la shule, aachane nalo. Afunge shati moja la njano, shati jeusi kwa ajili ya misiba, na majani ya chai ya kwao, kwa kuwa chai ya huko ni ya rangi ya chungwa, hunywewa na barafu, na haizungumziwi zaidi katika taarifa hii. Ama viatu, vivuliwe na kuvaliwa bila kuinama: vya kamba humchelewesha mtu mlangoni pa darasa, mlangoni pa ofisi, mlangoni pa hekalu na mlangoni pa kila nyumba atakayokaribishwa kula, huku foleni ya watoto waliovaa soksi ikisubiri nyuma yake kwa kreng jai, isiseme neno.